Sungura hamlindi bibi harusi wa Kibiti: barua ya wazi kwa Shirika la Viwango Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa TBS,

Nakuandikia kutoka Kibiti, mkoani Pwani. Mimi ni muuza duka. Nauza sabuni za kipande na za unga, mafuta ya mgando, losheni, dawa za nywele, hina, udi na manukato ya bei ya kawaida. Wateja wangu wa kila siku ni wa hapa mjini na Bungu, lakini biashara huchangamka hasa wanapopanda watu wa delta, wa Salale, Msala, Mbwera, Maparoni na Kiongoroni. Huja kwa boti mpaka Nyamisati, wakapanda gari au bodaboda mpaka huku, wakanunua kwa jumla na kuwahi kurudi kabla maji hayajawatupa. Kabla ya duka nilifundisha biolojia sekondari, kwa hiyo barua hii ina mambo mawili matatu ya maabara. Univumilie.

Niseme mapema ninachoomba, maana barua nyingi zinazofika ofisini kwako bila shaka humalizia pale zilipopaswa kuanzia. Naomba kila mtengenezaji au mwagizaji anapokuja kusajili kipodozi, TBS imtake aeleze kwa maandishi kama bidhaa hiyo au viambato vyake vimejaribiwa kwa wanyama, lini, na kwa kudaiwa na sheria ya nchi gani. Na naomba jibu lake lisibaki kabatini, bali mimi na mteja wangu tuweze kulisoma.

Swali hili lilinifikia dukani. Binti mmoja wa Salale anayesoma chuo Dar es Salaam alishika chupa ya losheni akaniuliza, "Shangazi, hawa wanajaribu kwa wanyama?" Tuliigeuza chupa pamoja. Palikuwa na jina la kampuni, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, orodha ndefu ya viambato kwa herufi zinazohitaji miwani, na anwani ya nchi ya mbali. Jibu la swali lake halikuwamo. Nilipompigia anayeniuzia jumla Kariakoo alicheka mpaka akakohoa: "Sungura wa wapi tena, mama? Wewe uza." Simlaumu, naye hupokea katoni zikiwa zimefungwa.

Najua mtu wa ofisini anaweza kujiuliza jambo hili limetokea wapi. Watu waliosombewa mpunga na mafuriko ya Aprili 2024, wengine wakabaki wanatazama mapaa yao juu ya maji, wana nafasi gani ya kuwawaza sungura? Swali ni la haki. Tena kwetu mnyama si picha ya kalenda. Mamba huchukua watu penye kuteka maji, na kiboko humaliza jasho la msimu kwa usiku mmoja. Tangu Agosti 2002 hadi Aprili 2004 simba mmoja alizunguka vijiji vya Rufiji, akaua watu wapatao 35 kabla ya askari wa wanyamapori kumpiga risasi. Watu walimwita Osama. Alipokaguliwa alikutwa na gego lililopasuka na chini yake jipu kubwa, na Rolf Baldus, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi na wahifadhi wetu, alieleza kwamba huenda maumivu hayo ndiyo yaliyomsogeza kwenye windo jepesi, yaani binadamu. Sitamwambia mtu aliyezika ndugu yake amhurumie simba yule. Lakini hata katika habari ile ya kutisha, ilikubalika bila ubishi kwamba mnyama huumwa.

Kwa hiyo tusichanganye mambo. Kumuua mla watu ni kujilinda, kuchinja mbuzi wa sikukuu ni riziki, na kumtilia sungura shampuu jichoni ili kampuni iongeze harufu nyingine ya shampuu ile ile ni jambo la tatu kabisa, ambalo mkulima wa Mbwera hahitaji semina kulitofautisha. Huku tumekua tukisikia misikitini habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwachia ajitafutie. Na Bunge letu lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Sheria hiyo haisemi kwamba mnyama hana hisia akiwa maabara ya ng'ambo na bidhaa yake ikiwa rafuni Kibiti.

Majaribio haya hayakuanza kwa ukatili mtupu, na atakayewaambia watu hivyo anawadanganya. Mwaka 1933 Marekani kuliuzwa rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii ya parafenilenidiamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Wanawake waliopakwa walivimba macho, wengine wakapofuka, mmoja akafa. Wakati huo serikali haikuwa na meno ya kuizuia rangi ile isiuzwe. Kashfa hiyo ni miongoni mwa zilizoleta sheria ya mwaka 1938 iliyoipa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi ile nguvu juu ya vipodozi. Mwaka 1944 mtaalamu wa sumu wa mamlaka hiyo, John Draize, na wenzake wakaandika utaratibu wa kupima: sungura mweupe anabanwa asijikune, dawa inatiwa jicho moja, jicho la pili linaachwa la kulinganishia, kisha kwa siku kadhaa mtu anahesabu alama za wekundu, uvimbe na ukungu wa jicho.

Sungura alichaguliwa kwa sababu ni mpole, ni wa bei nafuu na macho yake ni makubwa. Hakuchaguliwa kwa kuwa jicho lake ni kama letu. Hutoa machozi machache kuliko mtu, hupepesa kwa nadra, na ana ukope wa tatu ambao mimi na wewe hatuna. Mwaka 1971 watafiti wawili, Weil na Scala, walichapisha matokeo ya kupeleka dawa zile zile kwenye maabara zaidi ya 20. Zilizoitwa kali na maabara moja ziliitwa laini na nyingine. Ningekuwa nasahihisha mtihani wa namna hiyo, ningeufuta wote.

Sasa turudi kwenye PPD, kwa sababu bibi harusi wa Kibiti yumo humu. Ndugu Mkurugenzi, unaijua piko. Ni ile rangi nyeusi ya nywele, ya unga, ambayo wapambaji huikoroga na kuchorea maua mikononi na miguuni mwa bibi harusi, kwa kuwa hina ya majani hutoa wekundu na huchukua saa nyingi, na piko ni nyeusi papo hapo. Weusi ule unatokana na PPD, kemikali ya jamii ile ile ya mwaka 1933. Imekusudiwa nywele, haikukusudiwa ngozi. Wapo wasichana wanaotokwa na malengelenge yanayofuata mchoro, ua kwa ua, na kovu likabaki na umbo la ua. Wengine ngozi zao hujenga mzio wa kudumu, hata miaka baadaye wakipaka rangi ya nywele tu uso mzima unaumuka.

Ni zaidi ya miaka 90 tangu Lash Lure. Katikati hapo sungura wasiohesabika wamebanwa na kutiwa dawa, na bado bibi harusi anapakwa ile ile, kwa sababu kilichokosekana hakikuwa jaribio. Kwenye kasha la piko limeandikwa onyo, ila kwa lugha ambayo mpambaji hasomi na kwa herufi ndogo. Onyo la Kiswahili, la maneno matano, "Usipake kwenye ngozi ya mwili", lingezuia madhara mengi kuliko banda zima la sungura.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi kutoka Nairobi: kati ya watu wazima 60 waliougua figo kwa namna ya kuvimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo, zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Huo ndio ushahidi wa damu na nyama wa kwetu Afrika Mashariki. Waliopimwa ni dada zetu, bila kuombwa ridhaa, na waliopima ni wauzaji. Hata leo mkorogo wa krimu za namna hiyo unaingia Kibiti kwa mkoba, hauingii kwa katoni. Wakaguzi wako wanapokuja kukamata krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, sisi wenye maduka halali tunawashukuru, maana mshindani wetu ni yule asiyelipa kodi wala kujali figo za mtu. Lakini ona: hakuna jaribio jipya la mnyama litakalotuambia jambo tusilolijua kuhusu zebaki. Tunachokosa ni mkaguzi, kipimo cha haraka na faini inayouma.

Hapo ndipo hoja yangu inasimama. Usalama wa mteja wa Kibiti unatoka kwenye orodha ya vilivyokatazwa, ukaguzi wa sokoni na lebo inayosomeka. Sungura hayumo katika mnyororo huo. Kila shilingi na kila saa ya mtaalamu inayopotelea kwenye faili la majaribio ya wanyama ingeweza kwenda kwenye mambo hayo matatu.

Nitaulizwa: na kiambato kipya kabisa, ambacho hakina historia, kipimwe vipi? Vipimo vipo, na si ndoto. Tangu mwaka 2009 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, limekubali kipimo kinachotumia kioo cha jicho la ng'ombe aliyekwisha chinjwa kwa ajili ya nyama. Jicho ambalo pengine lingeishia pipani. Kwa ng'ombe wanaopita machinjio ya Vingunguti kila siku, nchi hii haiwezi kulalamika kwamba haina vifaa. Mwaka 2010 kikakubaliwa kipimo cha mwasho kinachotumia ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na chembe hai za binadamu, na mwaka 2015 kikafuata cha tabaka la jicho lililooteshwa vivyo hivyo. Ngozi hiyo ni ya mtu, kwa hiyo jibu lake linahusu mtu. Yako maswali magumu zaidi, kama athari za kemikali kwa mimba au kwa miaka mingi ya matumizi, ambayo vipimo hivi bado havijayamaliza, na sitajifanya kwamba yamekwisha. Lakini mtu hahitaji kujua hayo ili atengeneze losheni. Viambato vyenye historia salama ya miaka mingi viko maelfu.

Nije kwenye kitabu chenu wenyewe. Viwango vya Afrika Mashariki vya vipodozi, EAS 377, toleo la mwaka 2013, vina sehemu tano: viambato vilivyokatazwa, vinavyoruhusiwa kwa masharti, rangi, vihifadhi, na vichujio vya mwanga wa jua. Aliyewahi kuona kanuni ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, Na. 1223 ya mwaka 2009, atazitambua sehemu hizo mara moja, maana viambatanisho vyake vimepangwa kwa mtiririko huo huo. Sioni aibu yoyote hapo. Kuazima orodha nzuri ni busara. Ila kanuni ile ya Ulaya ina pia kifungu cha 18, kinachokataza kupima vipodozi kwa wanyama na kuuza vilivyopimwa hivyo, na marufuku yake ya mwisho ilianza kutumika tarehe 11 Machi 2013. Mwaka ule ule tulipochapisha viwango vyetu! Tumechukua viambatanisho, tukaacha kifungu. Sijui kama ni kwa kusudi au kwa kupitiwa, lakini matokeo yake ni kwamba kipodozi kisichoweza kuuzwa Paris kwa sababu ya namna kilivyopimwa kinaweza kuuzwa Ikwiriri bila swali.

Wala hili si jambo la Ulaya peke yake. India, ambako zinatoka hina na mafuta mengi ya nywele ninayouza, ilikataza majaribio hayo mwaka 2014, na mwaka huo huo ikafunga mlango kwa vipodozi vya nje vilivyojaribiwa kwa wanyama. Kanada ilifuata mwaka 2023. China, ambayo zamani ilidai kila kipodozi cha kigeni kipimwe kwa wanyama kabla ya kuingia, ililegeza mwezi Mei 2021 kwa bidhaa za kawaida, mradi mtengenezaji awe na hati ya ubora wa uzalishaji kutoka serikali ya kwao. Bidhaa za pekee hazikuingia kwenye unafuu huo: rangi za nywele, za kung'arisha ngozi na za kuzuia jua ni miongoni mwao. Tazama orodha hiyo, kisha tazama rafu ya duka lolote Kibiti au Utete. Rangi za nywele na za kung'arisha ndizo zinazotangulia kuisha.

Na wanaonunua wana nguvu, hata wakiwa wachache. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa New York, Henry Spira, alitoa tangazo la ukurasa mzima kwenye gazeti la New York Times, akaiuliza kampuni ya Revlon hadharani ni sungura wangapi inawapofusha kwa ajili ya urembo. Kampuni haikusubiri mahakama. Ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala. Unilever, ambayo Vaseline na Sunlight zake ziko mpaka vibanda vya Twasalie, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaunga mkono marufuku ya dunia nzima ya kupima vipodozi kwa wanyama. Sikusudii kuitangazia biashara. Nasema tu kwamba kama kampuni kubwa kiasi hicho inasema inaweza kuishi na marufuku, basi hofu ya kwamba maduka yetu yatabaki matupu haina msingi.

Tatizo la mteja ni kwamba akitaka kuepuka bidhaa hizo, hana pa kushika. Mchoro wowote wa sungura unaweza kupigwa chapa kwenye chupa. Mchoraji wa Kariakoo atakuchorea ukiwa unasubiri. Ile alama ya sungura anayeruka, ambayo hutolewa baada ya kampuni kukaguliwa mpaka kwa wauzaji wake wa viambato, ni alama ya kweli, lakini nani Maparoni ataitofautisha na ya kubuni? Maneno nayo yana ujanja. "Bidhaa hii haikujaribiwa kwa wanyama" yaweza kuwa kweli kwa losheni iliyokwisha kutengenezwa, huku kila kiambato chake kimepita mabandani. Kampuni yaweza kusema "sisi hatujaribu" kwa sababu imemlipa mwingine afanye. Au tawi ni safi na kampuni mama siyo. TBS ndiyo yenye uwezo wa kuandika maana ya maneno hayo na kumwadhibu anayeyatumia vibaya, kama mnavyomwadhibu anayechapa alama yenu ya ubora bila leseni.

Nisiifanye Ulaya kuwa paradiso. Novemba 2023 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya iliamua dhidi ya kampuni ya Ujerumani iitwayo Symrise, kwamba sheria ya kemikali ya umoja huo inaweza kudai majaribio ya wanyama hata kwa kiambato kinachotumika kwenye vipodozi peke yake. Kilichobishaniwa ni vichujio viwili vya mwanga wa jua. Kwa hiyo mlango uliofungwa na sheria moja umefunguliwa kidogo na nyingine. Sisi tunaoandika baadaye tuna nafasi ya kuandika vizuri zaidi: tukiandika kifungu chetu, kieleze waziwazi kinahusianaje na sheria za kemikali.

Vipo na vya nyumbani. Sabuni ya unga, dawa ya kusafishia choo, ya kuondolea madoa: marufuku za vipodozi kwa kawaida hazivigusi, ingawa mikono inayovitumia ni ile ile. Uingereza ilikataza mwaka 2015 kupima kwa wanyama bidhaa za usafi wa nyumbani zilizokwisha kutengenezwa, ikaacha viambato kwa masharti. Nusu mkate, lakini ni mkate. Naomba fomu yenu isiishie kwenye losheni.

Pwani hii haina usafi wa kujivunia katika jambo la wanyama na urembo, na ni vizuri tukumbushane. Manukato ya bibi zetu yalikuwa na zabadi, na zabadi hutoka kwenye tezi iliyo chini ya mkia wa ngawa. Ngawa wadogo wa Asia waliopo Unguja na Pemba hawakufika huko kwa kuogelea. Inaaminika waliletwa na watu kwa ajili ya harufu hiyo. Majahazi yaliyokuja kwenye milango ya Rufiji kupakia boriti za mikoko kupeleka Arabuni yalipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na ukisimama upande unaovumia upepo ulijua. Ini hilo hilo leo lina jina la heshima. Skwalini yake huingia kwenye krimu za bei kali, na mwenye krimu hajui kwamba anajipaka kilichopakwa jahazi. Wengi wa papa hao ni wa kina kirefu, wanaozaa kidogo na kukua polepole. Mwaka 2008 Unilever na L'Oréal zilitangaza kuiacha skwalini ya papa. Ya mizeituni na ya miwa inafanya kazi ile ile. Zabadi nayo imepata mbadala wa maabara siku nyingi, na harusi hazijapungua harufu.

Sasa neno kwa ajili ya akina mama wa vikundi vya sabuni, kwa sababu wao hawataandika. Delta ina nazi, ina asali na nta ya nyuki wa mikokoni, na mwarobaini uko kila ua. Wapo wanaochemsha sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki, wakaikata kwa uzi, wakaja kuniuzia. Sabuni zao hazijawahi kumgusa mnyama. TBS imeweka utaratibu mzuri wa wajasiriamali wadogo wanaoletwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kutolipia leseni ya alama ya ubora katika miaka mitatu ya mwanzo, na ninauunga mkono. Lakini mama hawa hukimbia wanaposikia neno "maabara". Wanahofia wataambiwa wathibitishe usalama kwa njia wasizozimudu. Andikeni kwenye mwongozo wenu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba hakuna mjasiriamali atakayedaiwa jaribio la mnyama, na kwamba sabuni yenye viambato vinavyojulikana itapimwa ukali wake, unyevu wake na vijidudu, basi. Kisha waruhusuni waandike kwenye karatasi ya sabuni "Haikujaribiwa kwa wanyama" kama haki yao. Huenda hilo ndilo jambo pekee ambalo sabuni ya Nyamisati inaweza kuizidi sabuni ya kiwandani bila kushindana kwa bei.

Wenzangu wenye maduka, wa Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti, Ikwiriri na Utete, nanyi mnaisoma hii. Tusingoje serikali kwa kila kitu. Mwagizaji anapokuletea katoni, muulize swali la yule binti. Akicheka, uliza tena mwezi ujao. Tukiwa kumi tunaouliza, ataanza kumuuliza aliye juu yake. Na piko, nawaomba tuiuzie nywele tu. Mimi kila kasha nalibandika karatasi ya onyo niliyoandika kwa kalamu ya wino mzito, na wapambaji wawili walinuna wakahamia duka la jirani. Wameninyima biashara ya harusi za msimu mzima, wala sijajuta.

Ndugu Mkurugenzi, tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipohamisha vipodozi kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kuja kwenu, hakuna mwingine wa kumwandikia. Kwa nguvu za ofisi yako, bila kusubiri Bunge, fomu ya usajili inaweza kuongezewa swali la majaribio ya wanyama na majibu yake yakawekwa pale watu wanapoweza kuyaona. Onyo la Kiswahili kwenye rangi zote zenye PPD nalo halihitaji sheria mpya. Kwa upande wa Afrika Mashariki, EAS 377 itakapofunguliwa tena kurekebishwa, wajumbe wa Tanzania wapeleke pendekezo la kifungu kinachokataza vipodozi na viambato vilivyojaribiwa kwa wanyama baada ya tarehe itakayotajwa, ili bidhaa zilizokwisha kuwapo zisiadhibiwe kwa ya nyuma na zijazo zisipate kisingizio. Kenya na Uganda wanatumia kitabu kile kile. Tukiandika sisi wananufaika wao.

Naomba unijibu kwa maandishi, na mkipanga ukaguzi wa Pwani mwaka huu, mtumeni afisa mmoja mpaka Nyamisati siku boti za delta zinaposhusha watu, akutane na wauzaji, wapambaji na akina mama wa sabuni kwa pamoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza vipodozi na sabuni,
Kibiti mjini, Pwani